Wakili wangu haonekani na kesi inasikilizwa baada ya wiki saba: nimbadilishe sasa au nivumilie?

#1 MtotoWaZiwa
Wanajamvi, salamu kwenu. Ninaishi Des Moines, Iowa, na kesi yangu ya kuomba hifadhi iko mbele ya mahakama ya uhamiaji ya Omaha. Imetajwa mara tatu, na sasa imepangiwa siku ya kusikilizwa, ile siku ambayo mtu anaapishwa, anahojiwa na pande zote mbili, na huenda akatoka na uamuzi mkononi. Zimebaki wiki saba.

Nilimlipa wakili wangu dola 4,500 kwa mafungu, na risiti zote ninazo. Tangu kesi ilipotajwa mara ya mwisho, miezi kumi na mmoja iliyopita, sijasikia sauti yake. Nikipiga simu anapokea karani, ananijibu kwa upole kwamba ujumbe umefika. Wiki iliyopita niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisini mwenyewe, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu, nikawaona wateja watano wakiingia na kutoka, kisha nikaambiwa kwamba wakili yuko mahakamani katika mji mwingine.

Kanisani kwetu wengine wananiambia nimwache leo hii, wengine wanasema nikithubutu kubadilisha nimejiharibia. Naomba wenye uzoefu wanieleze: hakimu humwonaje mtu anayebadilisha wakili katikati ya kesi? Faili langu nitalipata? Na fedha yangu?

#2 MzeeWaKigoma
Kijana, tulia. Waliotutangulia walisema mchagua jembe si mkulima. Mpwa wangu akiwa Houston alibadilisha mawakili watatu, na kila mmoja alipoingia aliomba kesi iahirishwe ili asome jalada. Wa kwanza alikubaliwa, wa pili alikubaliwa kwa shingo upande, wa tatu alikataliwa, na siku ile kijana alihojiwa huku wakili wake akipekua karatasi ambazo alikuwa hajawahi kuziona. Hakimu akikuona unabadilisha mawakili anahisi kwamba unanunua muda. Wakili kukaa kimya si lazima awe amekutupa.

#3 MamaTumaini
Shikamoo mzee, ila hapo naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mkulima hachagui jembe, kweli, lakini jembe ambalo mpini wake umeoza halimpeleki shambani.

Mimi kesi yangu ilikuwa mahakama hiyo hiyo ya Omaha, na nilibadilisha wakili wiki kumi kabla ya kusikilizwa. Hakimu hakuniuliza swali lolote juu ya jambo hilo, alisaini ombi, basi. Nadhani tofauti na mpwa wako ni kwamba wakili wangu mpya aliandika wazi katika ombi lake kwamba haombi tarehe ibadilishwe hata kwa siku moja. Alinieleza mapema kwamba mahakimu wengi hawajali sana nani anakaa kiti cha wakili, wanachochukia ni kuahirisha. MtotoWaZiwa, mtu utakayemfuata muulize hilo kabla hujamuuliza bei.

#4 KaraniMstaafu
Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili wa uhamiaji Minneapolis kwa miaka sita. Naomba kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo naona yanaanza kuchanganywa.

Kama jambo lako liko USCIS, yaani kwenye idara ya uraia na uhamiaji yenyewe, mathalani ombi la ndoa, la kadi ya kijani au la uraia, kubadilisha wakili ni kazi ya karatasi tu. Wakili mpya anapeleka fomu G-28 yenye saini yake na yako, na tangu ikubaliwe mawasiliano yanaelekezwa kwake. Huhitaji ruhusa ya mtu. Kesi ikiwa mbele ya hakimu, fomu ni nyingine, EOIR-28, na hapo wakili wa zamani hatoki kwa kuambiwa na mteja peke yake. Anatoka kwa amri ya hakimu.

La pili ni kuhusu ukimya, na hapa ninamuunga mkono Mzee nusu nusu. Mawakili wengi wa uhamiaji hutoza bei moja kwa kesi nzima, na kazi kubwa hufanyika mwanzoni na mwishoni. Katikati hakuna la kumwambia mteja, na ofisi yenye kesi mia nne haipigi simu kusema hakuna jipya. Nimewaona wateja waliokasirika wakaondoka ilhali utetezi wao ulikuwa umeandikwa tayari, ukisubiri kuchapishwa. Lakini wiki saba kabla ya kusikilizwa si katikati tena. Katika ofisi yetu, kipindi hicho mteja alikuwa anaitwa mara mbili kwa wiki.

#5 MpembaWaColumbus
Ahsante Karani. Naongezea yaliyonikuta mimi kwa upande wa USCIS, maana huko nako kuna shimo. Nilimwacha wakili wangu kwa maneno, nikampata mwingine, naye akachelewa kupeleka G-28 yake. Wakati huo huo nilikuwa nimehama nyumba, na nilidhani kubadilisha anwani ni kazi ya wakili. Barua ya kudai ushahidi zaidi ikatoka. Nakala moja ikaenda kwa wakili niliyemwacha, nyingine ikaenda kwenye nyumba niliyohama. Barua za namna hiyo hupewa muda usiozidi siku 84, na mimi niligundua kwa kutazama hali ya kesi mtandaoni zikiwa zimebaki siku kumi na tisa. Tuliwahi kujibu, lakini sitasahau usingizi nilioukosa.

Anwani ni yako, si ya wakili. USCIS wanataka fomu AR-11 ndani ya siku 10 tangu uhame. Mahakamani ni fomu EOIR-33 ndani ya siku 5 za kazi. Ukiwa unabadilisha mawakili ndipo unapopaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu kwa kipindi kile hakuna anayejua kwa hakika nani anapokea barua.

#6 MzeeWaKigoma
Nimekuelewa, Mpemba. Basi nami niulize: kama wakili wa zamani hatoki mpaka hakimu aamuru, kijana huyu akimpata mpya leo na hakimu akakaa na ombi wiki tano, wakati huo anawakilishwa na nani?

#7 MwakilishiWaParokia
Mzee, hilo ndilo swali lenyewe. Mimi si wakili. Ni mwakilishi niliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, nafanya kazi katika shirika la kanisa, na idhini yangu ni kamili, kwa maana kwamba ninaruhusiwa kufika USCIS na mbele ya hakimu pia. Wenzetu wenye idhini ya sehemu huishia USCIS.

Jibu ni kwamba wa zamani bado ni wakili wake. Wajibu wake hauishi mpaka ombi lisainiwe, na siku ya kesi ikifika kabla ya hapo, anatakiwa afike. Ombi la kubadilisha linatakiwa lieleze sababu na lioneshe kwamba wakili wa zamani amearifiwa. Hakimu akilikubali, hilo peke yake haliahirishi kesi. Tarehe inabaki pale pale, na mwongozo wa mahakama unasema hivyo bila kuzungusha. Anayetaka kuahirishiwa anapeleka ombi jingine lenye sababu nzito, na hapo ndipo mpwa wako alipokwama.

Kuna njia ambayo watu hawaitumii: wakili wa pili anaweza kuingia pamoja na wa kwanza, mmoja akiandikwa kuwa mkuu. Si lazima umfukuze mtu ndipo umwingize mwingine.

Sasa MtotoWaZiwa, nina jambo ambalo ni zito kuliko hayo. Umeandika kwamba una wiki saba. Kwa mtu asiye kizuizini, ushahidi na nyaraka za siku ya kusikilizwa hutakiwa ziwasilishwe angalau siku 30 kabla, isipokuwa hakimu awe ameweka tarehe yake mwenyewe. Wiki saba ni siku 49. Ondoa 30. Una siku 19, na leo moja imeshapita tukiwa hapa tunaandika.

#8 MtotoWaZiwa
Mwakilishi, nimesoma bandiko lako nikiwa kwenye mapumziko ya kazi nikashindwa kula. Sikuwahi kuambiwa habari ya siku 30. Sijui hata kama kitu chochote kimewasilishwa zaidi ya fomu yangu ya kwanza ya hifadhi, ile I-589. Nitajuaje?

#9 Kisima_cha_Dallas
Pole sana ndugu. Mimi nakushauri uangalie pia kibali chako cha kazi. Ninavyojua, ukibadilisha wakili hesabu ya siku za hifadhi inasimama na kibali kinapotea. Rafiki yangu yalimkuta.

#10 KaraniMstaafu
Kisima, tuirekebishe hiyo kidogo ili asishtuke bure. Kinachosimamisha hesabu si kubadilisha wakili, ni kuahirishwa kwa kesi kwa ombi la mwombaji mwenyewe, na kuomba muda wa kutafuta wakili kunaingia humo. Enzi zangu ofisini, mtu alipeleka ombi la kibali cha kwanza baada ya siku 150 tangu aombe hifadhi na aliweza kupewa zikitimia 180, kwa hiyo kila siku iliyosimamishwa ilimchelewesha. Hesabu hiyo inagusa kibali cha kwanza. Aliyekwisha kukipata hakipotezi kwa kubadilisha mwakilishi. MtotoWaZiwa anafanya kazi tayari, kwa hiyo hapa hana hofu.

Kuhusu kujua kilichomo kwenye jalada kuna milango mitatu, na ningeigonga yote kwa siku moja. Kwanza, iandikie ofisi ya wakili, kwa barua pepe na kwa posta yenye kusainiwa, ukidai nakala ya faili lako lote. Pili, mahakama yenyewe humpa mhusika nakala ya kumbukumbu za kesi yake akiomba, na wakili mpya akishaingia huzisoma kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa kuwa tangu Februari 2022 mawakili wanalazimika kuwasilisha nyaraka kupitia humo. Tatu, omba faili lako la USCIS kwa sheria ya uhuru wa habari. Wenye tarehe ya kufika mbele ya hakimu wana foleni yao ya haraka, lakini ambatisha barua inayoonesha tarehe hiyo, vinginevyo utaingizwa kwenye foleni ya wote.

#11 DadaRehema
Samahani kwa kuingia na langu, ila ni la mada hii hii. Mimi na mume wangu tuliwakilishwa na wakili mmoja tangu ombi la ndoa, na fomu ya kuondoa masharti ya kadi ya kijani, I-751, tuliipeleka pamoja. Sasa tumetengana na kesi bado iko USCIS. Wakili ananijibu vizuri, hana kosa lolote, lakini juzi aliniambia hawezi tena kunishauri juu ya ndoa yangu. Nilihisi kama nimefungiwa mlango. Je, ananikimbia?

#12 MwakilishiWaParokia
Dada Rehema, hakukimbii, na nadhani anakutendea haki. Alikuwa akiwatetea nyote wawili, na siri zenu wote anazo. Siku utakapohitaji kuendelea peke yako kwa kuomba usamehewe sharti la kupeleka fomu pamoja na mumeo, huenda ukapaswa kueleza mambo ambayo mumeo asingependa yasemwe, na wakili huyo hawezi kukuandikia maelezo hayo huku bado akimlinda yeye. Hapo kubadilisha si suala la hasira. Mtafute wa kwako peke yako, na umwombe wa zamani akupe nakala ya kila kitu mlichopeleka pamoja. Ukitaka, fungua uzi wako tuliangalie kwa kina, maana lina mambo mengi.

#13 DadaRehema
Ahsante sana. Nitafungua.

#14 MpembaWaColumbus
Turudi kwa mtoa mada. Kuna waliomwambia faragha kwamba ofisi inaweza kulizuia faili mpaka amalize deni. Yeye hana deni, lakini kwa faida ya wengine: faili ni la mteja au la wakili?

#15 KaraniMstaafu
Inategemea wakili ana leseni ya jimbo gani. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, ndiyo maana wakili mwenye leseni ya Ohio anaweza kukutetea Omaha, na ndiyo maana pia MtotoWaZiwa halazimiki kutafuta ndani ya Iowa tu. Lakini maadili yake yanafuata jimbo lililompa leseni. California inakataza kuzuia faili kwa sababu ya deni. New York, kwa desturi yao, wakili anaweza kulishikilia akidai ada yake. Kanuni ambayo majimbo mengi yameifuata inasema wakili anapoachwa anatakiwa akabidhi nyaraka ambazo ni haki ya mteja na arudishe fedha iliyolipwa mapema ambayo hajaifanyia kazi.

Kuhusu fedha, ndugu yangu, usitarajie zote. Fomu ya hifadhi iliandikwa, alifika kesi ikitajwa. Omba kwa maandishi hesabu ya kazi iliyofanyika. Mabaraza mengi ya mawakili ya majimbo yana utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya ada, na hauhitaji umlipe mtu mwingine.

#16 Kisima_cha_Dallas
Kuna bwana mmoja huku kwetu anazijua hizi kesi, anajaza fomu na kutayarisha maelezo kwa dola 800 tu. Si wakili lakini amewasaidia wengi.

#17 MamaTumaini
Mwanangu Kisima, najua unataka kusaidia, lakini usimpeleke mtu huko. Dada yetu alimzika kaka yetu Kinshasa kwa njia ya simu kwa sababu mtu kama huyo alimjazia fomu isiyokuwa ya kwake, na ikamchukua dada miaka minne kuitoa, asiweze kusafiri. Asiyekuwa wakili wala mwenye idhini ya wizara haruhusiwi kukutetea, hata awe na mhuri wa kushuhudia saini ukutani.

#18 MtotoWaZiwa
Ndugu zangu, nawaletea yaliyojiri. Ni siku ya nne tangu bandiko lile la siku 19. Nilipeleka barua kama Karani alivyonielekeza, na juzi karani wa ofisi alinikabidhi bahasha ya kaki nyembamba. Ndani mna fomu I-589, nakala ya kitambulisho changu cha mpiga kura, barua za mahakama, na maelezo yangu ya kurasa saba. Hakuna ripoti yoyote ya hali ya nchi, hakuna barua ya daktari niliyoileta mwenyewe, hakuna maelezo ya shahidi.

Lakini kuna kitu kimenitetemesha mikono. Maelezo yangu niliyaandika kwa Kiswahili, kwa kalamu, kurasa tisa za daftari, na ofisi ikasema itayatafsiri. Niliandika kwamba walikuja nyumbani saa mbili usiku, tukiwa tumekaa kula, taa ya mafuta ikiwa bado inawaka, na sahani ya dagaa ikapinduka juu ya mkeka. Kwenye Kiingereza ukurasa wa nne, saa iliyoandikwa ni ile ambayo sisi tunaiita saa nane usiku. Sasa inasomeka kwamba familia yenye watoto wadogo ilikuwa inakula dagaa saa nane za usiku. Na kwenye fomu yenyewe, ambayo niliulizwa kwa simu kwa Kiingereza, muda umeandikwa sawasawa. Karatasi mbili za mtu mmoja, tofauti ya saa sita.

Pia baba mdogo wangu aliyeuawa ameandikwa mahali pamoja kuwa ni baba yangu. Baba yangu mzazi yu hai, na jina lake liko kwenye fomu ile ile.

#19 MkalimaniWaPortland
MtotoWaZiwa, pole sana. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Maine, na hayo mawili nimeyakuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na linapozama, wao wanahesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri, na mfasiri anayeijua lugha kwa kamusi tu anaandika namba anayoiona. Maneno ya ukoo nayo ni balaa: hata neno ndugu linaweza kuwa kaka, binamu, mtu wa kijiji, au muumini mwenzako. Ongeza tarehe, maana sisi tunaanza na siku na Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo tarehe 4 mwezi wa 7 inageuka kuwa Aprili.

Si jambo dogo. Tangu sheria ya mwaka 2005 inayoitwa REAL ID, hakimu anaruhusiwa kupima ukweli wa mtu kwa tofauti yoyote ya maelezo, hata kama haigusi kiini cha madai. Wakili wa serikali akiziona hizo saa sita kabla yako, atakuuliza moja kwa moja, na wewe utakuwa unaeleza hesabu ya saa za Waswahili huku umeshikwa na woga.

Lakini linarekebishika. Maelezo ya nyongeza yanawasilishwa ndani ya muda, yakionesha neno la asili, kosa na usahihi. Tena siku ya kesi, kabla hujaapa juu ya fomu, hakimu hukuuliza kama kuna marekebisho, na hapo ndipo unapoyataja mwenyewe kabla hujaulizwa. Mahakama italeta mkalimani wake wa Kiswahili, hilo usiogope. Ila sikubali kwamba hapa kosa ni la wakili moja kwa moja. Wakili asiyejua Kiswahili angelionaje?

#20 MamaTumaini
Angeliona kwa kumsomea mteja wake. Wangu alinikalisha na mkalimani mchana mzima, akasoma sentensi kwa sentensi, nami nikawa nasema ndiyo au hapana. MtotoWaZiwa, wewe ulisomewa kabla ya kusaini?

#21 MtotoWaZiwa
Hapana mama. Nilitumiwa ukurasa wa saini peke yake kwenye simu, nikasaini kwa kidole nikiwa kwenye maegesho ya kazini kabla zamu haijaanza.

#22 MzeeWaKigoma
Haya ni mazito, na ninakuonea huruma. Hata hivyo bado sijabadilisha ushauri wangu, ila nauongezea. Kosa limeonekana. Wakili aliyepo anaweza kulirekebisha kwa siku mbili, kwa sababu jalada ni lake, wala haombi ruhusa ya mtu. Mpya ataanza kwa kukusoma wewe, kisha jalada, kisha aandike ombi, kisha asubiri saini ya hakimu, na siku zako sasa ni 15. Mpe wa zamani barua yenye mambo matatu na tarehe ya mwisho ya kujibu, siku tatu. Akinyamaza, basi ondoka, nami nitakuwa wa kwanza kukwambia uondoke.

#23 KaraniMstaafu
Mzee, hapo nimekubaliana nawe zaidi ya nilivyotarajia, isipokuwa siku tatu ningezifanya mbili, na ndani ya siku hizo hizo angekuwa tayari ameketi na wakili mwingine kwa ushauri wa saa moja. Kuomba maoni ya pili si usaliti.

#24 MwakilishiWaParokia
Naomba niseme jambo moja kwa wanaotaka kumshtaki wakili haraka. Malalamiko yana mahali pake: baraza la mawakili la jimbo, na kwa wale wanaofika mbele ya mahakama za uhamiaji ipo fomu EOIR-44. Tena mtu akishindwa kesi kwa uzembe wa wakili, uamuzi wa mwaka 1988 unaojulikana kwa jina la Lozada unataka afanye mambo matatu: aandike maelezo ya kiapo juu ya makubaliano yao, amjulishe wakili huyo na kumpa nafasi ya kujibu, na aoneshe kwamba amelalamika kwenye mamlaka au aeleze kwa nini hakulalamika. Ndiyo maana kila barua unayoandika sasa ihifadhi, MtotoWaZiwa, lakini usiianzishe vita hiyo wiki hii. Kesi yako bado haijashindwa.

#25 MtotoWaZiwa
Nimefuata ya Mzee na ya Karani kwa pamoja. Barua ilienda jana asubuhi. Leo mchana nimepigiwa simu, na nimeambiwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: wakili aliyeandikwa mahakamani kwenye kesi yangu aliondoka ofisi ile miezi minane iliyopita. Ofisi inasema aliondoka na kesi zake. Nilimtafuta kwa jina lake, nikampata, ni mtu mwenye sauti ya huruma, naye anasema mkataba wangu ulikuwa na ofisi na kwamba alidhani wamemweka mwingine.

#26 KaraniMstaafu
Basi ukimya umeeleweka, au nusu yake. Mahakama haiitambui ofisi, inamtambua mtu aliyesaini EOIR-28. Akihama, ofisi ikitaka kubaki na kesi inapaswa kuingiza mtu mwingine kwa jina na kumwomba hakimu. Inaonekana hakuna aliyefanya hivyo. Kila upande uliamini jalada liko kwa mwenzake.

#27 MamaTumaini
Naye karani wa mezani alikuwa anajibu kwamba ujumbe umefika. Umefika kwa nani?

#28 MzeeWaKigoma
Kwa hali hiyo, huyu aliyeondoka bado ndiye wakili wake kisheria, sivyo? Basi afike, arekebishe. Kwa nini mtoto alipe mara ya pili?

#29 MwakilishiWaParokia
Kisheria ndiye, Mzee, na akikubali kwa maandishi inaweza kuwa njia fupi kuliko zote. Lakini maelezo ya siku nzima ya kuhojiwa hayatayarishwi na mtu aliyeyasahau kwa miezi minane. Mimi ningemwomba asaini kuridhia mabadiliko, ili ombi lifike kwa hakimu bila ubishi.

#30 MkalimaniWaPortland
Kabla hamjaendelea. MtotoWaZiwa, tafsiri inayowasilishwa mahakamani lazima iambatane na cheti kilichosainiwa na mfasiri, akithibitisha kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Angalia nyuma ya ukurasa wa saba. Kuna jina la nani?

#31 MtotoWaZiwa
Lipo. Ni jina la karani anayepokea simu. Kwa miaka yote niliyokwenda pale, nikimsalimia kwa Kiswahili anatabasamu tu na kuniomba niseme kwa Kiingereza.

#32 MwakilishiWaParokia
Usiandike zaidi juu ya ukurasa huo hapa, kwa kuwa hapa panasomwa na yeyote. Weka nakala mbili mahali tofauti. Nimekutumia faragha majina ya mashirika mawili yenye wawakilishi wenye idhini kamili karibu nawe, na moja linafungua saa mbili kesho asubuhi, saa mbili ya kwetu. Nenda na bahasha nzima, na zile kurasa tisa za daftari kama bado unazo.

#33 MtotoWaZiwa
Ninazo. Zimefungwa pamoja na risiti.